Kindi yuko yadi 30, darubini ya yadi 1,000 ya nini?

JUMAMOSI ya tatu ya mwezi Agosti, kabla jua halijachomoza, pikapu huanza kujipanga kandokando ya barabara za vijijini katika jimbo la Kentucky, Marekani. Msimu wa kuwinda kindi umefunguliwa. Wanaoshuka wana bunduki nyepesi ya .22 begani, kisanduku cha risasi 50 mfukoni na chupa ya kahawa mkononi. Sheria ya jimbo inamruhusu kila mwindaji kindi sita kwa siku. Zamani nyama hiyo iliingia moja kwa moja kwenye burgoo, mchuzi mzito wa nyama mchanganyiko ambao watu wa Kentucky wanajivunia. Leo sufuria nyingi za burgoo zina kuku na ng'ombe, lakini wazee wanaoikumbuka ladha ya kindi bado wapo.

Kiswahili nacho si mgeni huko. Miji ya Lexington na Louisville imepokea familia nyingi kutoka mashariki ya Kongo, na katika foleni ya duka la vyakula mtu anaweza kusalimiwa "habari za asubuhi" kabla hajafika kwenye rafu ya mchele. Watoto wa familia hizo wanasoma na kufanya kazi pamoja na wenyeji waliorithi uwindaji kwa babu zao. Anayealikwa porini kwa mara ya kwanza hukata leseni, huhudhuria mafunzo ya usalama ambayo Kentucky huyadai kwa waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1975, kisha hununua bunduki au huazima. Baada ya hapo hukwama dukani, mbele ya kabati la kioo lililojaa darubini za kulengea. Zipo za dola 40, zipo za dola 2,000, na kila moja ina namba zake ubavuni na ahadi zake kwenye boksi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo aliyesimama mbele ya kabati. Nina neno moja la kumwambia, na mengine yote yanatokana nalo: darubini ya .22 huchaguliwa kwa umbali wa shabaha, na umbali huo ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

Risasi ndogo, safari fupi

Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya Stevens ya Massachusetts. Kitako cha ganda lake hakina fataki katikati kama ilivyo kwa risasi kubwa. Kemikali ya kuwasha baruti imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo. Ganda likishagongwa limekwisha kazi, halijazwi tena. Ni muundo rahisi, wa bei nafuu, na ndio uliowezesha risasi hii kuishi zaidi ya karne moja huku nyingine nyingi za zama zake zikibaki kwenye makabati ya makumbusho.

Kichwa cha risasi ya kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Ile ya kasi ya kawaida hutoka mtutuni kwa mita 325 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Zile zinazouzwa kama za kasi kubwa hufika karibu mita 380. Hesabu hizo zina maana kubwa kwa mnunuzi wa darubini. Wamarekani hupima kwa yadi, na yadi moja ni sentimita 91, kwa hiyo tutumie yadi. Ukiirekebisha bunduki yako ipige sawasawa na msalaba wa darubini kwa yadi 50, kwa risasi ya kasi ya kawaida, basi kuanzia yadi 15 hadi 55 risasi haitapanda wala kushuka zaidi ya sentimita moja hivi kutoka pale ulipolenga. Katika eneo lote hilo unalenga na kufyatua, huna hesabu ya kufanya.

Vuka hapo uone. Kwa yadi 75 risasi imeshuka sentimita sita na zaidi. Kwa yadi 100 imeshuka sentimita 18 au 19. Kichwa cha kindi, ambacho ndicho mwindaji mwenye adabu hulenga, kina upana wa sentimita tatu au nne. Kukisia umbali vibaya kwa yadi kumi tu kule mbali kunatosha kumjeruhi mnyama na kumwacha akafie shimoni mwa mti. Upepo nao haumwachi mtu salama: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni huisukuma risasi hii sentimita kumi au zaidi kwa yadi 100. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Risasi ya kasi kubwa husukumwa na upepo zaidi kuliko ile ya polepole, kwa sababu inapoteza kasi yake kwa ghafla inapoukaribia mpaka wa sauti. Ndiyo sababu wanaoshindana kwa .22 hununua risasi za polepole na kuzilipia zaidi.

Kwa hiyo uwanja wa mwindaji wa kindi ni yadi 20, 30, 40, mara chache 60. Darubini yoyote utakayoinunua itafanyia kazi humo.

Kosa lisiloonekana kwa macho

Sasa tufike kwenye sababu kubwa ya mimi kuandika. Chukua darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya kulungu, uifunge juu ya .22, uiweke bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, na ulenge kipande cha karatasi kilicho yadi 25. Usiiguse bunduki. Sogeza kichwa chako polepole kushoto, kisha kulia, kisha juu na chini, huku ukitazama ndani. Utaona msalaba unatambaa juu ya karatasi. Bunduki haijasogea hata unywele, karatasi haijasogea, lakini msalaba umehama kutoka ukingo mmoja wa doa hadi mwingine.

Wataalamu huiita hali hiyo paralaksi. Picha ya shabaha na msalaba wa darubini havikai katika sehemu moja ndani ya bomba, kwa hiyo jicho likihama, kimoja huonekana kuteleza juu ya kingine. Kiwandani fundi huvilinganisha kwa umbali mmoja tu. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hulinganishwa kwa yadi 100, nyingine 150. Zilizokusudiwa .22 hulinganishwa kwa yadi 50 au 60. Ukiwa kwenye umbali huo, unaweza kuchungulia kwa pembe yoyote na msalaba ukatulia. Ukiwa nje yake, jicho lisilo katikati huipeleka risasi pembeni.

Kosa lenyewe linapimika. Chukua nusu ya upana wa lenzi ya mbele, uizidishe kwa tofauti kati ya umbali wa shabaha na umbali uliowekwa kiwandani, kisha ugawanye kwa umbali wa kiwandani. Lenzi ya milimita 40 iliyowekwa kwa yadi 100, shabaha ikiwa yadi 25: nusu ya 40 ni 20, mara 75, gawanya kwa 100. Unapata milimita 15. Hiyo ni sentimita moja na nusu ya kukosa, jicho likiwa limekaa vibaya kabisa, kabla hujahesabu mtetemo wa mkono, ubora wa risasi na bunduki yenyewe. Lenzi ya milimita 32 iliyowekwa kwa yadi 50, shabaha ileile: 16 mara 25, gawanya kwa 50. Milimita nane. Kosa limepungua karibu nusu, na bei huenda ikawa ndogo zaidi.

Mtu wa kulungu haoni shida hiyo. Kulungu ana eneo la moyo na mapafu lenye upana wa sentimita 20, na sentimita moja na nusu haimpunguzii wala kumwongezea kitu. Kwa kindi aliyejibanza kwenye tawi, sentimita moja na nusu ni tofauti ya kitoweo na gome la mti.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inavuta mara ngapi?" Liwe "paralaksi yake imewekwa yadi ngapi?" Muuzaji akijibu 50 au 60, endeleeni kuzungumza. Akisema 100, mshukuru na uombe nyingine. Akisema hajui, soma kijitabu kilichomo ndani ya boksi kwa sababu huandikwa humo. Vortex wana Crossfire II ya 2-7x32 iliyowekwa kwa yadi 50 kwa ajili ya .22. Leupold, kampuni ya Oregon iliyoanza mwaka 1907, huziweka zake za .22 kwa yadi 60. Wapo wengine, na sina hisa kwa yeyote.

Zipo pia darubini zenye pete kwenye lenzi ya mbele, au kitufe cha ubavuni, cha kuirekebisha paralaksi mwenyewe, nyingine hadi yadi kumi. Kwa anayepiga karatasi kutoka kwenye benchi ni chombo kizuri sana. Porini sikipendi. Kindi hatakusubiri uzungushe pete kutoka 25 hadi 40 huku yeye akiruka kutoka mti hadi mti, na pete iliyosahauliwa kwenye namba ya jana hukurudishia kosa lilelile ulilolilipia fedha likuondokee.

Kuvuta mara ngapi?

Maandishi kama 2-7x32 husomwa hivi: darubini inakuza kuanzia mara mbili hadi mara saba, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 32. Wanunuzi wapya hutazama namba ya pili na kuitaka iwe kubwa. Niliwahi kusikiliza mazungumzo ya watu wawili mbele ya kabati. Mzee mmoja alikuwa ameishika 6-24x50, nzito, yenye vitufe virefu juu na ubavuni, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha. Kijana aliyekuja naye akamuuliza:

"Mzee, utaipeleka wapi hiyo?"

"Porini, mwanangu. Kwa kindi."

"Basi itakuonyesha manyoya, kindi mwenyewe humuoni."

Kijana alikuwa sahihi. Darubini inapokuza mara tisa, duara unaloliona kwa yadi 25 lina upana wa mita moja tu. Kindi akiruka tawi moja ametoka kwenye picha, na wewe unabaki kupekua jani moja moja ukitafuta mkia. Ikikuza mara nne, upana unafika mita mbili na kidogo. Mara mbili, unapita mita tatu, na hapo unaweza kumfuata mnyama anayekimbia bila kulitoa jicho. Tena kila kinachokuzwa hukuzwa pamoja na kasoro zako: mapigo ya moyo, pumzi, mkono unaotetemeka kwa baridi ya alfajiri. Aliyesimama bila kuegemea mti, akiiweka darubini kwenye mara 12, huona msalaba ukicheza ngoma na huanza kuivizia shabaha ipite ili afyatue. Hakuna namna mbaya zaidi ya kufyatua bunduki.

Ipo pia hesabu ya mwanga, nayo ni fupi. Gawanya upana wa lenzi kwa namba ya ukuzaji. Jibu ni upana wa mwale unaoingia jichoni, kwa milimita. Lenzi ya 32 kwa mara nne hutoa mwale wa milimita nane. Lenzi ya 50 kwa mara 24 hutoa milimita mbili. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita saba hivi. Ya mtu mzima hufunguka kidogo zaidi ya tano. Kindi hutoka kula mapema asubuhi, na msitu wa Agosti una majani mazito yanayozuia mwanga hata jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo darubini ndogo ya mara nne humwonyesha mwindaji picha angavu saa ambayo ile kubwa ya bei mbaya, ikiwa imevutwa hadi mwisho, inaonyesha ukungu wa kijivu.

Hapa nitetee kidogo historia. Wazee wengi wa Marekani wanadharau darubini za .22 kwa sababu walizozijua utotoni, miaka ya 1950 na 1960, zilikuwa vibomba vyembamba vya robo tatu ya inchi vyenye lenzi ya milimita 15. Ziliuzwa pamoja na bunduki za watoto, zikaingia maji, zikafifia, zikaishia kwenye droo. Dharau hiyo ilikuwa halali wakati ule. Leo bomba la inchi moja lenye lenzi zilizopakwa dawa ya kupunguza mng'ao na kujazwa gesi ya naitrojeni ili lisishike ukungu linapatikana kwa kati ya dola 100 na 200. Vibomba vya robo tatu ya inchi bado vinauzwa, vikining'inia kwenye kadi za plastiki karibu na mlango. Viacheni viendelee kuning'inia.

Na kabla hatujaisifu sana darubini, tukumbuke mchezo wa biathlon, ambao wanariadha wake huteleza kwenye theluji huku bunduki ya .22 ikiwa mgongoni. Tangu mwaka 1978 wanatumia risasi hii kwa umbali wa mita 50. Wakiwa wamelala, shabaha yao ina upana wa milimita 45, wanaipiga moyo ukidunda kwa kasi, na kanuni haziwaruhusu darubini. Wanalenga kwa vilengeo vya tundu tu. Darubini humsaidia mtu kuona. Kupiga ni kazi ya mazoezi.

Msalaba wa kawaida unatosha

Ndani ya darubini kuna mistari ya kulengea, na wabunifu wameigeuza kuwa mti wa Krismasi. Kuna nukta za kukadiria umbali, vijistari vya kufidia risasi inavyoshuka, namba pembeni. Vijistari vya kufidia vinavutia kwa nadharia: cha juu kwa yadi 50, kinachofuata kwa 75, cha chini kwa 100. Shida ni kwamba fundi alivipima kwa aina moja ya risasi, na katika darubini nyingi za bei ya kawaida vinasema kweli pale tu ukuzaji unapokuwa umevutwa hadi mwisho. Badili risasi au punguza ukuzaji, na vijistari hivyo vinakudanganya kwa upole. Msalaba wenye mikono minene inayokonda kuelekea katikati, ambao Leupold waliuleta mwaka 1962, ndio ninaoupendekeza kwa mtu wa porini. Jicho linaupata haraka hata kwenye kivuli.

Nukta nyekundu isiyokuza chochote nayo ina wapenzi wake, na kwa anayepiga makopo na watoto wake nyuma ya nyumba ni burudani tupu. Mwenye jicho lenye kasoro ya astigmatizimu aijaribu kabla ya kulipa, kwani wengi wao huiona nukta hiyo ikiwa imepasuka na kuwa nyota.

Pete, reli na skrubu

Darubini haikai juu ya bunduki kwa matumaini. Hukamatwa na pete mbili, na pete hukamatwa na reli iliyo juu ya bunduki. Hapa watu hupoteza fedha kwa kununua kitu kisichoingiliana na kingine. Bunduki za CZ kutoka Jamhuri ya Czech, kama 457, zina reli nyembamba ya milimita 11 iliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964 na ambayo utaikuta karibu kila duka la Marekani, huja na reli ya kufunga kwa skrubu inayopokea pete pana za mtindo wa Weaver. Na pete zenyewe ni za bomba la inchi moja au la milimita 30; moja haishiki nyingine. Nenda dukani na jina kamili la bunduki yako, au ubebe pete ulizonazo.

Chagua pete fupi kadiri inavyowezekana, mradi lenzi isiguse mtutu na mkono wa kuingizia risasi upite bila kugonga darubini. Darubini ikikaa juu mno, shavu linaelea hewani badala ya kulala kwenye kitako cha bunduki, jicho linatangatanga, na ile paralaksi tuliyoifukuza inarudi kwa mlango wa nyuma.

Kabla ya kukaza, hakikisha bunduki haina risasi, fumba macho, iweke begani unavyoiweka siku zote, kisha fumbua. Ukiona duara zima lenye mwanga, darubini ipo mahali pake. Ukiona kivuli cheusi pembeni, isogeze mbele au nyuma hadi kipotee. Bunduki ya .22 karibu haisukumi nyuma, kwa hiyo huna sababu ya kuiogopa darubini kuwa karibu na nyusi. Skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Usikaze kama unafunga nati ya gurudumu la lori, kwa sababu bomba ni la aluminiamu na likibonyea halinyooki.

Kisha ishughulikie pete ya nyuma, ile ya jicho. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe, tazama kwa sekunde mbili, zungusha, pumzisha jicho, tazama tena, mpaka msalaba uwe mkali papo hapo. Ukitazama kwa muda mrefu jicho hujirekebisha lenyewe na kukuficha kasoro. Wengi hawaigusi pete hii maisha yao yote, kisha wanalalamika kwamba darubini ina giza.

Kuirekebisha ipige unapolenga

Anza kwa yadi 25 ili risasi zianguke kwenye karatasi, malizia kwa yadi 50. Piga risasi tatu au tano, tazama kundi lake, usihangaike na risasi moja iliyopotea. Vitufe vya darubini nyingi za Marekani husogeza robo inchi kwa yadi 100 katika kila mlio, yaani nusu ya robo hiyo kwa yadi 50. Kundi likiwa chini kwa inchi mbili kwa yadi 50, unahitaji milio 16 kwenda juu. Mshale kwenye kitufe huonyesha upande ambao risasi itakwenda.

Jambo ambalo wageni wa .22 hawalitarajii ni uchaguzi wa risasi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na kubadili chapa kunaweza kulihamisha kundi sentimita kadhaa. Nunua visanduku vya chapa tatu au nne, jaribu, tafuta inayokusanya vizuri, kisha ununue ya kutosha msimu mzima. Darubini ya dola 500 haiiponyi bunduki inayolishwa risasi isizozipenda.

Usitazame watu kwa bunduki

Darubini ya kulengea si ya kupekulia msitu. Unapotazama kupitia kwake, mtutu unatazama hukohuko. Ukisikia majani yakichakaa, tumia macho, au beba darubini ya mkononi. Msimu wa kindi huingiliana na wa kulungu, na wakati wa msimu wa bunduki za kulungu Kentucky humlazimu mwindaji kuvaa rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya mapambo.

Udogo wa risasi hii huwadanganya watu. Visanduku vyake hubeba onyo kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Kindi yupo juu ya mti, wewe unalenga juu, na nyuma yake ni anga. Darubini inakuonyesha duara dogo lenye mnyama katikati na inakuficha nyumba, barabara na mchungaji aliye nyuma ya kilima. Subiri mpaka kindi awe mbele ya shina nene. Asipokaa hapo, mwache aende, kesho atashuka.

Anayesoma haya akiwa nyumbani Afrika Mashariki ajue kwamba mazingira ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji una vibali vyake. Hakuna maneno ya makala ya wikendi yanayochukua nafasi ya sheria hizo.

Kwa aliye Kentucky na ana .22 ya kawaida kwa ajili ya kindi na makopo, hukumu yangu ni hii: 2-7x32, paralaksi ya yadi 50 au 60, bomba la inchi moja, msalaba wa kawaida, pete fupi, bei kati ya dola 100 na 200. Iache kwenye mara tatu au nne unapotembea, ipandishe ukiwa umeketi na kuegemea mti. Asiye na kiasi hicho achukue ya mara nne isiyobadilika, yenye paralaksi ileile, na hatajuta. Anayetaka kupiga chuma kidogo kwa yadi 100 na 200 kwenye mashindano anahitaji chombo kingine, chenye pete ya paralaksi na vitufe vinavyorudi kwenye sifuri, na hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Fedha itakayobaki inunue risasi za mazoezi.

Neno la mwisho ni kwa wanaosafiri. Ndani ya Marekani darubini hununuliwa bila fomu yoyote. Anayejaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zake ni mnunuzi wa bunduki. Kuitoa nchini ni habari nyingine. Darubini za bunduki zimo katika orodha ya bidhaa ambazo serikali ya Marekani inadhibiti usafirishaji wake, na kuipeleka nchi nyingi, zikiwemo zetu, kunahitaji leseni. Tafadhali, usiitie kwenye sanduku la nguo eti ni zawadi ya mjomba. Mpelekee mjomba saa au viatu.